Wauza madishi Tanga, ulizeni kwanza mteja anataka kuona nini

Mhariri,

"Dishi ni dishi tu, mzee wangu." Maneno hayo niliambiwa dukani hapa Ngamiani, mwezi wa Shaabani, nilipokwenda kumnunulia mama dishi la kuonea Makka. Mama ana miaka themanini na ushei, magoti yamekataa, na alichokuwa akiniomba ni kuiona Kaaba moja kwa moja wakati wa tarawehe. Nikatoa laki moja na tisini, nikabebeshwa dishi la sentimita 90, LNB (kile kichwa cha mbele ya dishi kinachonasa mawimbi) ya bendi ya Ku, yaani mawimbi mafupi ya setilaiti, na risiva. Fundi wa duka akapanda juu ya bati, akageuza huku, akageuza kule, asubuhi mpaka adhuhuri.

Kwenye kioo mlikuwa na mistari miwili. Wa juu, wa nguvu, umesimama asilimia 80. Wa chini, wa ubora, sifuri. Fundi akanionyesha wa juu: "Si unaona, mawimbi yapo, tusubiri." Tukasubiri mpaka chai ikapoa. Baadaye ndipo nikaja kujua kwamba ule mstari wa juu hupanda hata dishi likitazama mwembe; LNB ikishapata umeme na waya ukishika, basi. Picha inaletwa na ule wa chini.

Setilaiti aliyokuwa akiitafuta ipo kweli, longitudo ya nyuzi 26 Mashariki. Tanga tuko kama nyuzi 39, kwa hiyo haiko mbali na utosi wetu. Lakini kuwa juu ya kichwa chako si kukumulika. Hizi setilaiti zimekaa juu ya ikweta, kama kilomita 36,000 kutoka ardhini, na miale huelekezwa kule wanakotakiwa watazamaji. Miale ya Ku ya ile imelengwa Uarabuni na Afrika ya Kaskazini. Kwetu ni kama taa ya barazani kwa jirani: unaiona inawaka, gazeti husomi.

Aliyeniokoa ni fundi redio wa siku nyingi mtaani kwetu. Hakugusa spana. Aliuliza, "Bibi anataka chaneli gani?" Akaangalia kwenye simu, akasema chaneli hiyohiyo inapatikana kwenye setilaiti ya nyuzi 20 Mashariki kwa bendi ya C, yenye mawimbi marefu zaidi, na miale yake inashuka mpaka huku kwetu. Ila inataka dishi la futi sita na LNB yake. Ile ya Ku haiingiliani nayo.

Nilimuuliza mbona anachagua dishi la wavu, nikidhani ananipunja. Akanipeleka kwa jirani mwenye dishi zima la bati. Hapa kwetu dishi kubwa la mviringo linatazama juu kama sufuria, na lile lilikuwa na maji ya mvua ya juzi, viluwiluwi vya mbu vinacheza ndani. Wavu hautuamishi maji, na upepo wa kusi unapita. Mawimbi ya C ni marefu, kama sentimita saba, hayapenyi vitundu vile. Ya Ku ni sentimita mbili na nusu tu, yanataka bati zima. Halafu masika: jirani zetu wenye vidishi vya Ku mvua ikitanda kutoka baharini picha inakatika vipande vipande, ya C inaendelea. Akanikataza wavu wa chuma, akataka wa alumini, bolti akazipaka grisi. Chumvi ya hapa haina adabu.

Gharama ilizidi mara mbili ya ile ya kwanza, sitaficha. Kilichoniuma ni kwamba nililipa zote mbili. Duka lilikataa kupokea dishi lao: "Limeshafungwa, mzee."

Naomba wenye maduka, kabla ya kushika pesa ya mtu, wamuulize anataka chaneli ipi, kisha wamwambie iko setilaiti gani, bendi gani, na kama miale yake inafika Tanga. Na wewe mnunuzi, bakiza nusu ya fedha mfukoni mpaka uuone mstari wa chini umepanda na picha imetulia.

Mama aliwahi kumi la mwisho. Lile dishi dogo mke wangu anaanikia dagaa.

Mstaafu wa bandari,
Chumbageni, Tanga