"Reluctant" si mzembe, wala si mtu asiye na uwezo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji nizungumzie neno moja la Kiingereza ambalo, kwa jinsi ninavyoliona likitumika katika barua za maofisini, ripoti za shule na maombi ya kazi, linaendelea kuwaponza wengi kama lilivyoniponza mimi. Neno lenyewe ni "reluctant".

Nikiwa mwalimu kijana katika shule moja ya sekondari, mkuu wa shule aliniagiza niwaandikie wafadhili wa ng'ambo kuwaeleza kwa nini mwanafunzi mmoja waliyekuwa wakimsaidia hajalipiwa sehemu ya ada iliyokuwa juu ya mzazi. Mama yake alikuwa mjane aliyeuza maandazi stendi, na mwaka ule hata bei ya unga ilikuwa inamshinda. Nikaandika, kwa mwandiko mzuri kabisa, kwamba "the parent is reluctant to pay". Majibu yakaja kwa adabu lakini kwa ubaridi: ikiwa mzazi mwenyewe hana moyo wa kumsomesha mwanawe, wao waendelee kwa sababu gani? Nilichokusudia ni "unable to pay", yaani hana uwezo. Nilichoandika ni kwamba fedha anayo ila anaona uzito kuitoa. Ilinibidi niandike barua ya pili kumsafisha yule mama wa watu, ambaye hakuwahi kujua kwamba nilikuwa nimemchafua.

"Reluctant" ni habari ya moyo. Haihusu mfuko wala bidii. Anayeelezwa hivyo anaweza kulitenda jambo, na pengine mwishowe atalitenda, lakini ndani yake kuna kitu kinachomvuta nyuma. Asili ya neno ni kitenzi cha Kilatini "reluctari", kushindana au kupinga, ambacho nacho kimetokana na kitenzi cha kupigana mieleka, na picha hiyo inafaa, maana mtu wa namna hii anashindana na nafsi yake. Kwa hiyo anayeandika "The watchman was reluctant in his duties" akikusudia kwamba mlinzi alikuwa mzembe, hajaugusa uzembe wa mlinzi hata kidogo, na sarufi nayo ameivunja. Mzembe ni "negligent", mvivu ni "lazy", na sioni kwa nini maneno mepesi kama hayo tuyavalishe suti. Waingereza wenyewe, hata hivyo, husema kwa mzaha kwamba gari asubuhi ya baridi ni "reluctant to start", kana kwamba injini nayo ina moyo.

Sisi hatuna kivumishi kimoja cha hali hii. Tunasema mtu anasita, au anaona uzito, au amekubali shingo upande, na huo usemi wa mwisho ndio tafsiri nzuri kuliko zote ya "He reluctantly agreed". Kwa kuwa "anasita" ni kitenzi kinachojitosheleza, mwanafunzi anayekihamisha Kiswahili chake huandika "She reluctant to sell", akisahau kwamba kivumishi cha Kiingereza hakiwezi kushika nafasi ya kitenzi, na katika sentensi kama hii lazima kitanguliwe na kitenzi kama "is" au "was".

Mtego mkubwa zaidi ni "to" inayofuata, nao unatokana na lugha yetu yenyewe. Katika Kiswahili umbo "kuuza" hufanya kazi mbili bila kubadilika: tunasema "Bibi anasita kuuza shamba", na tunasema pia "Kuuza shamba ni hasara", ambapo neno lile lile limegeuka kuwa jina la tendo. Kiingereza huzitenganisha kazi hizo. Baada ya "reluctant", "to" huenda na kitenzi katika umbo lake la msingi: "She is reluctant to sell the farm". Baada ya "averse", ambalo maana yake iko jirani, "to" ni kihusishi, nacho hudai nomino au jina la tendo: "She is averse to selling the farm". Anayeandika "reluctant to selling" au "reluctant in selling" hajakosa akili. Amelisikia "kuuza" lake moja na kulitafutia makao mahali pasipo pake. Na "averse" lisichanganywe na "adverse", ambalo husemwa juu ya hali au matokeo mabaya, kama vile "adverse weather", si juu ya mtu asiyependa jambo.

Kwa "loath" Mswahili ana bahati, kwa sababu masikio yake tayari yanatofautisha th ya "thamani" na dh ya "dhahabu". "Loath" huishia na th. Ni kivumishi cha anayesita sana, kama katika "I am loath to leave". "Loathe" huishia na dh. Ni kitenzi cha kuchukia mno. Waingereza wengi huandika la pili wakikusudia la kwanza. Tena "loath" halikai mbele ya nomino: "a reluctant witness" ni sawa, "a loath witness" si sawa.

La mwisho linawahusu wanaotafsiri habari za nje. Mara kadhaa nimesoma kwamba kiongozi fulani "amekataa kuzungumza", na nilipoitafuta habari yenyewe kwa Kiingereza nikakuta "was reluctant to comment". Aliyekataa ni "refused", aliyekataa kiungwana ni "declined", asiyetaka ni "unwilling". Huyu alisita tu, na huenda alizungumza. Kabla ya kumwandika kwamba amekataa, naomba mtafsiri asome sentensi mbili tatu zinazofuata, kwa kuwa mara nyingi humo ndimo yamo maneno aliyoyasema.

Ni mimi msomaji wako,
Mwalimu mstaafu wa Kiingereza,
Korogwe, Tanga.