Asilimia 10 tu ndo nimelipia hela yote hii?

Kuna mteja katupigia juzi amewaka kweli kweli. Tumempimia hatari ya tetemeko kwenye kiwanja hapa Bukoba, anataka kusimamisha gesti ya ghorofa tatu, kapokea ripoti akakimbilia ukurasa wa mwisho akakuta asilimia 10 ndani ya miaka 50. "Waitu mmenila hela, asilimia 10 si sawa na hakuna? Halafu tetemeko lenyewe linakuja lini hamjaandika!" Sio wa kwanza, kwa hiyo naandika hapa niwe nawatumia linki.

Kwanza hatutabiri, hakuna anayetabiri tetemeko, mtu akikuuzia tarehe kimbia. Kwenye ripoti tunakupa kiwango cha mtikisiko, na jengo lako lina nafasi moja kwa kumi ya kukipata hicho au zaidi ndani ya miaka 50, mhandisi wako anachukua hapo anapiga hesabu ya nguzo na nondo. Ukiigeuza iwe ya mwaka mmoja mmoja inatoka kama moja kwa 475, ndo hiyo "miaka 475" mnayoiona. Sasa kuna fundi kamwambia bosi wake eti tetemeko la 2016 limeshapita basi tuna likizo mpaka miaka 475 iishe. Jamani hapana! Kwa hesabu hii kila mwaka bahati nasibu inachezeshwa upya, na jengo likikaa miaka 100 ile 10 inakuwa kama 19.

Lalamiko la pili ndo linaniuma zaidi, "huku matetemeko machache, fanyeni bei rahisi." Uchache wake ndo unaotupa kazi. Japani wana rekodi za kumwaga, sisi yanayojulikana ni machache, kama Rukwa 1910, Toro kule Uganda 1966, Ziwa Tanganyika 2005, na letu la Kagera tarehe 10 Septemba 2016. Huwezi kupata uwezekano kwa hayo peke yake, inabidi ukusanye madogo madogo yote, utoe yale yanayofuatia tetemeko kubwa yasihesabiwe mara mbili, halafu ukijua kwamba ukishuka ukubwa kwa namba moja idadi inaongezeka kama mara kumi unachora mstari wako unakadiria makubwa. Na mstari wenyewe una ubishi, kwa hiyo tunapiga hesabu kwa modeli kadhaa, yaani njia tofauti za kukadiria, kila mmoja tunaupa uzito wake.

Na lile la 2016 ukubwa wake ulikuwa 5.9 tu, tena lilianzia chini ardhini kama kilomita 40, kuna nchi 5.9 inapita watu wanaendelea na chai. Hapa watu zaidi ya 15 walifariki, nyumba za matofali ya kuunga kwa udongo zilimwagika, Ihungo na Nyakato shule zikaharibika vibaya.

Sasa njia ya mkato mnayoipenda, ripoti ya jirani. Kuna mkandarasi alikuja na ripoti ya kiwanja cha juu kwenye mwamba, anajenga bondeni karibu na kinamasi, anataka tubadilishe jina tu apate mhuri, tukakataa akaondoka amenuna. Akarudi msingi umeshachimbwa, mhandisi wa mwenye jengo kamgomea. Tukatandaza jiofoni zetu, vile vifaa vya kunasa mtikisiko wa ardhi, tukapiga nyundo kwenye bamba la chuma, mawimbi yakawa yanatembea chini ya mita 180 kwa sekunde, wakati mwamba mgumu huwa unapita 800. Udongo laini vile unakuza mtikisiko, kwa hiyo michoro ikarudiwa, msingi ukapanuliwa, nondo zikaongezwa, na vibarua walishalipwa kuchimba mara ya kwanza. Hela aliyookoa kwetu ilikuwa hata haifiki ile ya kokoto.

Mnaona tumekuja na nyundo na nyaya mnasema kazi ya nusu saa. Bodaboda moja ikipita barabarani jiofoni zinainasa, mchoro wote unachafuka, tunarudia, ndo maana tunakuja alfajiri kabla mji haujaamka, na pigo moja hatuliamini, tunapiga mengi sehemu ile ile tunajumlisha mpaka mawimbi yaonekane safi. Kuna wenzetu wanapiga mara moja wanaondoka, bei yao nzuri sana hongereni kwao.

Ukitaka tukukadirie bei njoo na ramani ya kiwanja na michoro ya jengo, utuambie ghorofa ngapi. Kama ni banda la kuku tutakwambia usitulipe. Na tukikuta mwamba uko juu juu siku tunapiga zinapungua, na bei nayo inashuka bila wewe kuomba.