Si kila pembetatu nyekundu ni betri iliyokufa

Ndugu Mhariri,

Msomaji wako mmoja alilalamika katika ukurasa huu kwamba magari ya haibridi, yale yenye injini ya petroli pamoja na mota ya umeme, ni mtego, maana taa ikiwaka tu fundi anakwambia ununue betri. Simpingi. Mimi ni mmoja wa mafundi hao, na ninaandika kukiri.

Miaka minne iliyopita mwalimu mstaafu wa hisabati aliniletea Toyota Prius yake, haibridi ya kizazi cha pili, ile taa ya onyo ya pembetatu nyekundu ikiwaka kwenye dashibodi. Nikachomeka kompyuta yangu ya kupimia magari, ikatoa P0A80. Namba hiyo kila fundi wa haibridi anaijua kama jina la mwanawe: badilisha betri. Sikufungua hata kifuniko kimoja. "Mwalimu, betri imekwisha." Akauliza, "Umepimaje?" Nikamwonyesha kioo cha kompyuta. Akalipa shilingi 1,800,000, nikaenda mtaa wa Gerezani, kwa wauza vipuri, kutafuta betri iliyotumika, nikafunga, taa ikazima.

Wiki ya tatu akarudi na pembetatu ile ile. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akakaa kwenye benchi langu la matairi. Kisha akaniuliza swali ambalo sijaulizwa na mteja mwingine hadi leo: "Hicho kilichokuambia kwamba betri imekufa, chenyewe ulikipima?"

Naomba nafasi kidogo nieleze alichokuwa akikigusa, huenda bila yeye mwenyewe kujua.

Betri ya Prius hiyo ina vipande 28, kila kimoja volti 7.2, jumla volti 201.6. Kompyuta ya betri haivisomi kimoja kimoja. Inavisoma viwili viwili, kwa hiyo inaona mafungu 14. Tena haioni betri yenyewe. Inaletewa habari na waya nyembamba zilizofungwa kwenye vichwa vya vipande, zinazoishia kwenye soketi moja. Waya mmoja ukishika kutu, au pini yake ikilegea, kompyuta inaletewa volti pungufu, nayo bila hiyana inatangaza kwamba fungu fulani ni dhaifu. Wahenga walisema mjumbe hauawi. Hawakusema asihojiwe.

Sasa safari hii nilifungua. Kompyuta ilionyesha fungu la 9 lina volti 12 na kidogo, la 10 lina 13, na mengine yote yako kwenye 15 na nusu. Nikaweka mita yangu moja kwa moja kwenye vichwa vya betri: fungu la 9, volti 15.6. La 10, volti 15.6. Betri niliyouza ilikuwa nzima, na moyo wangu ukaanza kwenda mbio kwa sababu ya ile ya kwanza iliyokuwa imelala stoo.

Mafungu mawili jirani kuugua pamoja ndiyo dalili niliyopaswa kuistukia. Jirani hao wanatumia waya mmoja wa mpakani, kwa hiyo ukiharibika huo, wote wawili wanasomeka vibaya. Kwenye magari ya umeme mtupu yenye betri za lithiamu dalili huwa ya ajabu zaidi. Nissan Leaf za mwanzo, kwa mfano, zina jozi 96 za seli, yaani vijibetri vidogo vinavyounda betri nzima. Nimewahi kuona jozi moja ikisomeka volti 3.6 na jirani yake 4.2, nyingine zote 3.9. Jumlisha hizo mbili: 7.8, sawasawa na jirani wengine wowote wawili. Hakuna volti iliyopotea. Mpaka tu ndio uliosogezwa, kama ugomvi wa viwanja vya huku kwetu.

Fungu lililokufa kweli lina tabia yake. Gari likipanda mlima, volti za fungu hilo zinaporomoka kuliko za wenzake, na likichajiwa zinapanda kuliko za wote. Kama seli moja ndani yake imekufa, utaona upungufu wa kama volti 1.2, hata gari likiwa limesimama. Waya mbovu hauna nidhamu hiyo. Unasema uongo gari likiwa limelala, na ukitikisa soketi, au gari likipita kwenye tuta, unabadilisha maneno.

Soketi ya Mwalimu ilikuwa imeota ukijani, na chini ya zulia la buti palikuwa na unyevu. Mpira wa taa ya nyuma ulikuwa umechoka, na gari lilikuwa likioshwa kwa presha kila Jumamosi. Nilipobadilisha betri nilihamisha waya na kompyuta ya gari lile lile, yaani nilimhamisha mgonjwa nyumba nikamwachia ugonjwa. Nikabadilisha pini mbili na kipande cha waya. Mafundi wenzangu, hapa mita nayo inaweza kukudanganya: waya uliobakiwa na nyuzi mbili tatu utakuonyesha volti kamili, kwa sababu mita haivuti umeme wa kutosha kuuumbua. Fungua waya pande zote mbili, kwenye soketi na kwenye vichwa vya betri, kisha pima ukinzani wake, yaani jinsi unavyozuia umeme, huku unautikisa.

Betri ya kwanza nikaitoa stoo, nikapima vipande vyote 28, kimoja kimoja kikiwa kimebebeshwa mzigo wa kuwasha taa ya gari. Hakuna kilichozidiwa. Nikairudisha ndani ya Prius, na fedha ya Mwalimu nikairudisha kwa mafungu matatu.

Sisemi betri hazifi. Zinakufa, hasa kwa joto, na watu wanaoziba kwa mikoba ule mdomo wa hewa ulio pembeni ya kiti cha nyuma wanaziua mapema. Ninachosema ni kwamba mwenye gari adai tarakimu za kila fungu, gari likiwa limesimama, likivuta na likichajiwa, na aulize kama kuna mita iliyogusa vichwa vya betri. Fundi akianza kukasirika, agana naye kwa heshima.

Lakini usishike mwenyewe. Volti 200 hizo si za betri ya kuwashia redio. Hata fundi lazima avae glavu za mpira za volti 1,000, achomoe ile plagi ya rangi ya chungwa inayokata umeme wa betri, asubiri dakika zisizopungua 5, na ajue kwamba vipande vyenyewe bado vina umeme hata baada ya hapo. Nimemwona kijana akifungua nati za betri hizi amevaa kandambili na pete ya ndoa.

Mwalimu aliniachia daftari kubwa, amelichora safu mbili kwa rula: "Kompyuta inasema" na "Mita inasema". Kila haibridi inayoingia kwangu inaandikwa humo kabla sijataja bei. Mwezi uliopita alipita kulikagua, akazungushia kalamu nyekundu gari moja ambalo nilisahau kuandika vipimo vya mlimani.

Fundi umeme wa magari,
Tabata, Dar es Salaam