Na upande wa pili je?

Mhariri, naomba kanafasi kwenye ukurasa wa barua. Ile habari yenu ya sarafu ya dhahabu ya Brutus, yule Mrumi aliyekuwa kwenye kundi lililomuua Julius Caesar, nimeisoma yote, na hongereni maana mambo kama haya huwa hatuyapati kwa Kiswahili, ila mmeniacha njiani. Picha mmeweka ya upande wa kichwa tu, halafu habari nzima ni hela, hela, iliuzwa London 2020 kwa zaidi ya dola milioni 3, ikaja kugundulika makaratasi yake ni feki, 2023 ikarudishwa Ugiriki. Sawa, tumeelewa.

Lakini uhondo wenyewe uko nyuma! Kule kuna majambia mawili ncha zikiangalia chini, katikati kofia, na chini yake maneno EID MAR, yaani 15 Machi, siku aliyouawa Julius Caesar, mtawala wa Roma, mwaka 44 kabla ya Kristo. Na ile kofia sio urembo jamani, ndo aliyokuwa anavishwa mtumwa akiachiwa huru, kwahiyo Brutus anasema ndio tumemuua, ila tumewakomboa. Yote hayo kwenye kidude cha gramu 8 hivi, upana kama sentimita mbili. Wakati huo hakuna redio wala gazeti, askari anapokea mshahara wake na tangazo la bosi humo humo.

Warumi wenyewe sarafu hiyo ya dhahabu waliiita aureus, moja ilikuwa sawa na dinari 25 za fedha, dinari hizi hizi tunazozisoma kwenye Biblia.

Sasa kinachonichekesha, Caesar alisemwa sana kwa kuweka sura yake kwenye hela akiwa bado hai, Roma hawakuzoea hivyo, wakaona huyu anataka ufalme. Brutus kamchoma kisu, hata miaka mitatu haijaisha na yeye kaweka ya kwake! Na nyie mkatuwekea hiyo sura peke yake, angefurahi kweli.

Augustus naye, kaizari wa kwanza wa Roma, alipoichukua Misri akachora kwenye sarafu yake mamba na maneno AEGVPTO CAPTA, Misri imetekwa. Ukiona kichwa cha Augustus tu, utajuaje kuna mamba nyuma?

Mkiandika tena habari za hivi wekeni pande zote mbili, hata ikibidi mpunguze tangazo moja la mikopo.

Msomaji wenu wa siku nyingi,
Tanga