Harambee ya dari, matundu na upenu: madarasa matatu ya shule yetu

Wazazi, walezi na ndugu zetu mliosoma hapa mkaondoka: Assalamu alaikum, Bwana Yesu asifiwe.

Hatuombi jengo jipya. Madarasa tunayo, ila matatu ya upande wa mashariki hayakaliki.

Ingia Darasa la Nne saa mbili asubuhi. Jua linapita dirishani na kupiga ubao, nusu yake inang'aa, maandishi hayasomeki. Mtoto anasimama achungulie, anampiga kikumbo mwenzake, anaandikwa mtukutu. Rudi saa saba mchana: bati liko wazi juu ya vichwa, hakuna dari, safu ya nyuma wamelaza vichwa kwenye madawati. Masika ndiyo balaa. Mvua ikipiga bati, mwalimu ananyamaza, anaandika ubaoni na kusubiri. Watoto hao hao wakipelekwa chini ya mwembe wanatulia na kusikiliza. Kwa hiyo fimbo si dawa ya hili.

Wapo waliolipima jambo hili. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Salford, Uingereza, walitoa matokeo ya madarasa 153 ya shule za msingi: hali ya chumba chenyewe, yaani mwanga, hewa, joto, rangi na mpangilio, ilichangia asilimia 16 ya tofauti ya maendeleo ya wanafunzi kwa mwaka. Waliona pia kwamba kuta zilizojaa picha kupita kiasi huwavuruga watoto, kwa hiyo mabango msituletee.

Anayedhani dawa ni viyoyozi aitazame Gando, Burkina Faso. Francis Kéré, mwana wa kijiji hicho, alichangisha fedha akiwa bado mwanafunzi Ujerumani, wanakijiji wakajenga kwa mikono yao, shule ikakamilika 2001. Dari ni ya matofali ya udongo yenye matundu, na paa la bati limeinuliwa juu yake ili hewa ya moto itoke. Mwaka 2022 Kéré alipewa Tuzo ya Pritzker, ambayo kwa wasanifu majengo hakuna kubwa kuizidi.

Yetu ni madogo zaidi: siling bodi na mbao zake, tofali za matundu juu ya ukuta, upenu wa kukinga jua la asubuhi, rangi nyeupe ndani, na saruji ya kuziba mashimo ya sakafu ili madawati yasiyumbe. Mchanga na maji tutabeba wenyewe kwa msaragambo. Mafundi wa kijiji wamekubali kupunguza ujira.

Tukutane uwanja wa shule Jumamosi ya kwanza baada ya shule kufungwa, saa tatu asubuhi. Asiye na fedha alete mfuko wa saruji, debe la rangi, hata kilo ya misumari. Mlioko mbali, namba ya akaunti ya shule ombeni kwa mwalimu mkuu tu. Mtu mwingine akiwatumia namba, msitume kitu. Kila mchango una risiti, na matumizi yatabandikwa nje ya ofisi kila Ijumaa mpaka kazi iishe.

Kamati ya Shule