Mwanangu, ile klipu naomba uifute

Mwanangu,

Salamu nimezipata, namshukuru Mungu mi niko salama. Nimeamua kukuandikia huku pembeni, sikutaka kukujibu kwenye grupu la familia mbele ya mashangazi zako, ila ile klipu imenikaa rohoni tangu juzi usiku.

Nimeiangalia mara tatu. Yule mwanasiasa anaongea taratibu kabisa, anasema kuna watu wachache "mnaowajua" wameshika mabenki na magazeti na ndo wanaoanzisha vita, alafu mwishoni inatokea ile katuni ya mzee mwenye pua ndefu kaikumbatia dunia kwa vidole kama kucha za mwewe. Neno Myahudi halijatajwa hata mara moja, katuni ndo imemalizia. Na wewe chini yake ukaandika "ukweli mchungu".

Hiyo pua baba si ngeni. Kulikuwa na gazeti la Wanazi, wale wa Hitler kule Ujerumani, linaitwa Der Stürmer, lilianza 1923 likaenda mpaka 1945, likichora pua hiyohiyo wiki baada ya wiki mpaka macho ya watu yakazoea, na waliozoea wengi ndo hao waliokaa kimya majirani zao Wayahudi walipopakiwa kwenye treni kupelekwa kambi za mauaji. Na hizo stori za kutawala dunia, kuna kijitabu kilitoka Urusi 1903 kinajifanya ni mipango ya siri ya wazee wa Kiyahudi. 1921 gazeti la The Times la London likaweka vifungu ubavu kwa ubavu likaonyesha kimenakiliwa kutoka kitabu cha Kifaransa cha 1864 kilichokuwa kinamshambulia mfalme Napoleon wa Tatu, kitabu ambacho Wayahudi wala hawamo. Uongo umeshaanikwa juani miaka mia na zaidi na bado unasheawa, na safari hii aliyeushea ni mwanangu.

Ila kinachoniuma zaidi ni sisi watu wa kanisa. Martin Luther, mwanzilishi wa Kilutheri, huyuhuyu tunayemsifu, aliandika 1543 kwamba masinagogi ya Wayahudi yachomwe na nyumba zao zibomolewe. Usiku wa tarehe 9 kuamkia 10 Novemba 1938 masinagogi ya Ujerumani yakachomwa kweli, mamia, na askofu mmoja wa Kiprotestanti, Martin Sasse, akatoa kijitabu akishangilia kwamba yanawaka siku ya kuzaliwa kwa Luther. Askofu mwanangu! Mtu anayehubiri Zaburi za Daudi. Wakatoliki nao ilibidi ifike 28 Oktoba 1965, miaka 20 baada ya zile kambi za Wanazi kukombolewa na Wayahudi milioni sita wameshauawa, ndo Mtaguso wa Pili wa Vatikano, ule mkutano mkuu wa maaskofu wao, ukatamka wazi kuwa mateso ya Yesu hayawezi kubebeshwa Wayahudi wote wa wakati ule wala hawa wa leo.

Na mimi simo nje ya hayo. Unakumbuka lile igizo la Pasaka ulipokuwa na miaka tisa ukawa Petro? Aliyewavalisha ni mimi. Wewe na Yesu na Mariamu niliwapa kanzu nyeupe zimepigwa pasi vizuri, wale waliokuwa makuhani na umati wa "Asulubiwe" nikawapaka masizi usoni, nikawachorea nyusi za hasira kwa wanja, na kwenye karatasi ya majina nikaandika "Wayahudi". Wao tu. Sasa Petro alikuwa nani? Mariamu je? Yesu mwenyewe alitahiriwa siku ya nane kama mtoto yeyote wa Kiyahudi, na ni yeye aliyemwambia yule mama Msamaria pale kisimani kwamba wokovu watoka kwa Wayahudi. Hakuna aliyenisahihisha, nilipongezwa. Kwahiyo nilipoona umeiamini ile katuni haraka vile nikajiuliza nani alimfundisha huyu mtoto kwamba sura ya adui iko hivi, na jibu ninalo.

Najua utaniambia walimuua Yesu. Soma Yohana 10:18, anasema hakuna mtu anayemwondolea uhai wake, anautoa mwenyewe. Alafu soma Warumi 11 yote polepole, pale Paulo anapotuambia sisi wa mataifa ni matawi ya mzeituni mwitu tuliopandikizwa tu, si wewe ulichukuaye shina bali ni shina likuchukualo wewe. Mi nimeusoma huo mstari miaka mingi nikidhani unahusu watu wengine.

Utaniambia pia, na Gaza je mama? Lia, mwanangu, hata mi nalia, na serikali ya Israeli ikosoe kama serikali nyingine yoyote, manabii waliwakemea wafalme wao wenyewe tena kwa maneno makali kuliko yako. Lakini bibi wa miaka 97 aliyeuawa akiwa kwenye ibada sinagogini pale Pittsburgh, Marekani, tarehe 27 Oktoba 2018, yeye na wenzake kumi, alikuwa ameamuru vita gani? Miezi sita kamili baadaye kule Poway, California, kijana wa miaka 19 akaingia sinagogi na bunduki siku ya mwisho ya Pasaka yao, akaua mwanamke mmoja. Huyo kijana alikulia kanisani, na katika maandishi aliyoacha mtandaoni aliwalaumu Wayahudi kwa kumuua Kristo. Nawaza sana kuhusu mama yake, Jumapili ngapi alikaa naye benchi moja akidhani mtoto yuko salama kwakuwa yuko kanisani.

Sikufananishi naye, nakujua. Ila ifute, na uandike pale pale kwenye grupu kwamba umeifuta na kwanini, mashangazi zako wawili wameshaifowadi.

Mwaka huu nimeombwa tena kusimamia igizo. Nimeshona kanzu 22 za kitambaa kimoja, za mitume, za umati na za makuhani zote sawa, na kwenye karatasi ya majina nimeandika kila mtu kazi yake, kuhani, mvuvi, mtoza ushuru. Anayecheza Petro ana miaka tisa, nitakutumia picha.

Mama yako