Makaburi ya kale yasisafishwe kwa klorini wala brashi ya waya

Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie usafi wa makaburi ya kale mijini. Wanaojitolea kuyasafisha wana nia njema, lakini jiwe lililosimama miaka mia mbili huweza kuharibiwa asubuhi moja tu.

Makaburi ya Père Lachaise, Paris, yalifunguliwa 1804 nje ya mji wa wakati ule. Watu waliyakwepa kwa umbali wake, hadi mabaki ya waandishi mashuhuri Molière na La Fontaine yalipohamishiwa huko 1817. Mwandishi Oscar Wilde, aliyefariki 1900, alihamishiwa humo 1909, na kaburi lake likachongwa na Jacob Epstein kwa jiwe la chokaa. Miaka ya baadaye mashabiki wakawa wanalibusu kwa midomo iliyopakwa rangi. Mafuta yake yalizama kwenye vinyweleo vya jiwe, na kila lilipooshwa uso ulilika, likazidi kunywa mafuta. Mwaka 2011 lilizungushiwa kioo. Hapo usafishaji nao ulikuwa sehemu ya maradhi.

Siki na limau huyeyusha marumaru na jiwe la chokaa. Klorini huacha chumvi ndani. Chumvi hiyo ikikauka na kuganda, hulipasua jiwe kutoka ndani. Vipande vya brashi ya waya hubaki na kushika kutu. Mashine ya kuoshea magari hung'oa herufi, ambazo mara nyingi zina kina cha milimita chache tu.

Kwanza piga picha. Kisha pitisha kidole taratibu juu ya jiwe: kikitoka na chembe kama sukari, usiliguse tena. Ligonge kwa kifundo cha kidole. Likilia wazi kama debe tupu, limeachana ndani, nalo liachwe. Jiwe zima lilowanishe kwa maji safi, ulisugue kwa brashi laini ya nyuzi za mmea, ukianzia chini kupanda juu. Ukianzia juu, maji machafu hutiririka kwenye jiwe kavu na kuacha michirizi isiyotoka. Kuvumwani (ukoko unaoota juu ya jiwe) ikigoma, ilowanishe tena na uibandue kwa kijiti cha mbao, kamwe si kisu.

Kusoma maandishi yaliyofifia hakuhitaji chaki wala unga (unga ni chakula cha ukungu). Shika kioo cha kujitazamia ubavuni mwa jiwe, urushe jua likipita sambamba na uso wake. Kila herufi itatupa kivuli, na jina lililoonekana limefutika litasomeka.

Linaloniuma zaidi ni saruji inayotumiwa kuziba mapengo ya jiwe. Ni ngumu kuliko jiwe la kale na haipitishi unyevu vizuri, hivyo maji hutafuta njia kwenye jiwe lenyewe, nalo ndilo linalobomoka huku kiraka kikibaki kizima. Viungo vya mawe vizibwe kwa chokaa kipimo 1 na mchanga safi vipimo 3, kisha vifunikwe gunia bichi siku kadhaa. Chokaa ikikauka haraka hugeuka vumbi, na kazi itarudiwa.

Msomaji wako